Usiseme "Hakuna", Sema "Sijaona": Kwa Kijana Anayekwenda Kuruka na Ndege za Doria

Nimeruka na ndege za doria ya baharini kwa miaka 11, na saa nyingi za miaka hiyo sikuona chochote ila maji. Nalitanguliza hili kwa sababu kijana anayechaguliwa kwenda kazi hii huwa amejaa kichwani nyambizi, torpedo na amri za kupigiana kelele. Hayo yapo. Lakini kazi yenyewe, ile itakayokula ujana wako, ni kukodolea bahari macho kwa muda wa saa nane au kumi, halafu kumwambia mwenzako ukweli kuhusu ulichokitazama. Kwenye huo ukweli ndipo watu wengi tunapoteleza, na mimi niliteleza.

Ndege yetu ilikuwa Orion. Wanaoijua wanaikumbuka kwa injini zake nne za pangaboi na ule mwiba mrefu unaotokeza nyuma ya mkia. Ndani ya mwiba kuna kifaa cha kupima usumaku wa dunia, kwa sababu nyambizi ni chuma kingi kilichokaa mahali pamoja na hupotosha kidogo usumaku wa pale ilipo. Marekani ilianza kuzitumia mwaka 1962, kisha nchi nyingi zikazichukua, kuanzia Norway hadi Japani, Brazil hadi New Zealand, kwa hiyo watu waliowahi kukaa ndani yake wametapakaa dunia nzima. Nimekutana na baadhi yao. Hata tusipokuwa na lugha moja tunaelewana haraka sana: kelele, baridi ya miguuni, na ile harufu ya mafuta ya ndege iliyochanganyika na kahawa iliyochemka mno na jasho la watu 11.

Miaka yangu minne ya mwanzo nilikuwa mtazamaji. Nyuma kabisa ya ndege, kushoto na kulia, kuna madirisha yaliyobinuka kwenda nje kama bakuli, hata unaweza kuingiza kichwa ukatazama chini moja kwa moja. Unakaa pale, magoti yamegusa ukuta, vipokea sauti masikioni, na bahari inapita chini yako kwa kasi ya kilomita zaidi ya 350 kwa saa. Mara nyingi tukishapunguza mafuta ya kutosha tulizima injini ya nje ya kushoto, ile namba 1 isiyokuwa na jenereta, ili tubaki angani muda mrefu zaidi. Mara ya kwanza kuona pangaboi limesimama kimya hewani nilishika kiti kwa mikono miwili. Mzee mmoja, injinia wetu wa ndege, aliniona akanipitishia kikombe cha kahawa bila kusema neno.

Sasa nikupe mambo ya dirishani, maana hayafundishwi vya kutosha.

Jicho la binadamu halijui kutazama utupu. Likikosa kitu cha kushika, hujivuta lenyewe na kulenga umbali wa mita moja au mbili tu mbele ya uso, na wewe hujui. Unadhani unatazama bahari kumbe unatazama kioo. Dawa yake ni kulipatia jicho kazi: kila baada ya muda mfupi tazama ncha ya bawa, kisha upeo wa macho, kisha rudi majini. Na usifagie kwa macho. Jicho linalotembea halioni, linaona likisimama. Gawa maji vipande, simama kwenye kila kipande kidogo, ndipo uende kingine. Anzia karibu, nenda mbali, rudi.

Kichwa cha mtu aliye majini ni kama nazi inayoelea. Kukiwa na upepo wa kutosha kuchafua bahari, kila wimbi linaloumuka hutoa povu, na kila povu kwa nukta moja hufanana na shati jeupe. Usitafute mtu. Tafuta kitu ambacho bahari haikukitengeneza: mstari ulionyooka, rangi isiyobadilika wakati mawimbi yanabadilika, ndege wa baharini waliotua pamoja bila sababu, kiraka cha maji laini ambapo mafuta yamelaza mawimbi. Povu litapotea ukihesabu tatu. Kisichopotea, kitangaze.

Na baada ya nusu saa, toka. Omba kubadilishwa hata kama hujachoka, kwa kuwa uchovu wa macho hautoi taarifa. Nimewaona vijana wakikaa dirishani saa nzima na nusu kwa sababu waliona aibu kumwomba mkubwa ashike zamu. Aibu ile inalipwa na mtu aliyeko majini.

Nilivyojua haya ni hivi.

Mashua ya wavuvi wanne ilikuwa haijarudi kwa siku mbili. Tulipelekwa kutafuta alasiri, tukapewa eneo letu, na mwelekezaji njia akalikata kwa mistari sambamba, kaskazini kwenda kusini, kusini kwenda kaskazini, tukiwa mita 150 juu ya maji. Mimi nilikuwa dirisha la kulia. Kila tulipoelekea kusini nilitazama magharibi, na jua lilikuwa limeshuka. Bahari upande wangu ilikuwa bati moja la moto. Nilikunja uso, nikaweka kiganja juu ya miwani, machozi yakawa yanatoka. Mwisho wa kila mstari sauti ya mwelekezaji iliuliza kwenye intakomu, kwanza kushoto, kisha kulia, na mimi nilijibu kama nilivyowasikia wakubwa wakijibu: "Kulia safi."

Nilisema hivyo mara sita au saba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuwa mtu ambaye dirisha lake halina matatizo.

Asubuhi iliyofuata wahudumu wa ndege nyingine waliikuta mashua imepinduka, watu watatu wamelala juu ya mgongo wake. Wa nne alikuwa ameteleza usiku. Walipohesabu upepo na mkondo kurudi nyuma, ilionekana kwamba jana yake, saa tulizokuwa pale, mashua ile ilikuwa ndani ya eneo letu, upande wa magharibi wa mmojawapo wa mistari yetu ya kusini. Wale watatu walisimulia kwamba waliiona ndege ikipita, na aliyeteleza ndiye aliyevua shati akapunga.

Rubani kiongozi wetu hakunifokea. Aliniita pembeni, akafungua fomu ya safari, akaweka kidole kwenye mwandiko.

"Hapa pameandikwa safi. Ulikuwa unaona?"

"Afande, jua lilikuwa usoni."

"Basi hilo ndilo ungeniambia. Ningegeuza ndege nikaupita mstari ule kwa upande wa pili."

Kugeuza ndege kungechukua dakika chache. Nimeziwaza dakika hizo miaka mingi. Sikuwa nimesema uwongo kama watu wanavyouelewa uwongo, maana kweli sikuona kitu. Ila nilikuwa nimechukua "sijaona" yangu nikaivika nguo ya "hakuna", na kila aliyekuwa ndani ya ndege ile akaipokea hivyo, ikaandikwa, ikapelekwa kwenye kituo cha uokoaji, na pale kwenye ramani mtu akapaka rangi eneo langu kuonyesha kwamba limeshatafutwa.

Toka siku ile nikaacha neno safi. Nilijibu kwa urefu: "Kulia sijaona kitu, naona vizuri hadi maili moja." Au: "Kulia sijaona kitu, mng'ao mkali, nusu ya mstari huu sikuutazama." Mwanzoni wenzangu walichoka na maneno yangu. Baada ya miezi michache mwelekezaji akaanza kupanga mistari akiuliza kwanza jua litakaa wapi.

Kama unadhani nalikuza jambo dogo, tazama Januari 1997. Katika mashindano ya mashua za tanga ya kuzunguka dunia, Mwingereza Tony Bullimore alipinduka kwenye Bahari ya Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Australia. Siku zilezile Mfaransa Thierry Dubois naye alipinduka si mbali na hapo. Orion za Australia ziliruka saa nyingi kwenda tu na kurudi, zikabaki na muda mfupi wa kutafuta. Dubois walimwona na wakamdondoshea mashua za mpira. Kwa Bullimore waliona mgongo wa mashua umegeukia mbinguni, mawimbi yakiupiga, na mtu haonekani. Wangeweza kuandika kwamba hapa hakuna mtu, na picha zingewaunga mkono. Meli ya kivita HMAS Adelaide iliendelea na safari hadi pale, mabaharia wakagonga mgongo wa mashua, na Bullimore akachomoka chini ya maji akiwa hai. Alikuwa amekaa ndani gizani siku nne.

Kutoka juu, mashua iliyopinduka yenye mtu hai ndani na ile isiyo na mtu zinafanana kabisa. Kila nilipomfundisha kijana mpya nilimwambia habari hii siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mkanda wa kiti.

Miaka yangu mingine saba nilikuwa kwenye viti vya kusikiliza. Huko watu hawatazami maji, wanatazama mistari. Chini ya tumbo la Orion kuna mirija 48 ya sonoboya, maboya ya kusikilizia, na mingine inarushwa kutoka ndani. Boya moja lina urefu wa sentimita 91 hivi na unene wa paja la mtu. Linashuka na mwavuli, likigusa maji ya chumvi betri yake inaamka, kichwa chenye antena kinabaki juu na sikio lenyewe, haidrofoni, linazama na waya wake hadi kina ulichochagua. Kila linachokisikia linakutumia kwa redio, na muda wake ukiisha linajizamisha.

Kwenye skrini sauti hizo zinashuka kama maporomoko: masafa ya sauti kutoka kushoto kwenda kulia, wakati ukitiririka kutoka juu kwenda chini. Bahari yenyewe ina makelele. Mvua inanguruma, nyangumi wanaita, kamba wadogo wanatatarika kama mafuta kwenye kikaango. Katikati ya fujo hiyo unatafuta mstari mwembamba ulionyooka, kwa sababu mashine huzunguka kwa mwendo mmoja na vitu vya asili havifanyi hivyo. Mstari kwenye masafa ya hezi 50 au 60, yaani mitetemo 50 au 60 kwa sekunde, unakwambia kuna umeme wa mtu mahali fulani. Meli ya mizigo huchora mistari minene, haijifichi. Nyambizi inayojua kazi yake huchora uzi, unatokea dakika mbili, unafifia, na unabaki hujui kama uliuona au uliutamani.

Mwalimu wangu wa pale, askari wa zamani ambaye masikio yake yalikuwa yameshaharibika lakini macho yakisoma skrini kuliko yetu sote, alikuwa akituambia: "Mashine haisemi nyambizi. Inachora mstari. Anayesema nyambizi ni wewe." Na kazi hii ina ngazi zake za kusema. Kuna "huenda ni nyambizi", nayo ina huenda dhaifu na huenda yenye nguvu. Kuna "yaelekea ni nyambizi". Na kuna "ni nyambizi", neno ambalo halitamkwi bila ushahidi usio na shaka. Nilizipenda ngazi hizo tangu siku ya kwanza, kwa sababu zilinipa ruhusa ya kuwa na shaka na bado nikafungua mdomo. Dirishani hatukuwa nazo. Ningekuwa nazo, labda siku ile ningesema tofauti.

Nisieleweke vibaya: shaka isikufunge mdomo. Hilo ni kosa la upande wa pili, na nimeliona likifanywa na watu wazuri sana. Anaona mstari, anasubiri uwe mnene, anasubiri tena, mwishowe umepotea na hakuna aliyejua kwamba ulikuwepo. Sema mapema, sema kwa kiwango unachokijua, kisha rekebisha. Tarehe 4 Aprili 1942 Leonard Birchall wa jeshi la anga la Kanada alikuwa akirusha ndege ya doria aina ya Catalina kusini mwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, alipoona vitu kwenye upeo wa macho. Alisogea kutazama, akakuta ni msafara wa manowari za Japani. Ujumbe wao wa redio ulitoka huku ndege za kivita zikiwashambulia, na ndege yao ikaangushwa. Walionusurika walitekwa hadi vita vilipokwisha. Kisiwa kilipata onyo, na mashambulizi ya Colombo ya siku iliyofuata hayakuwakuta wamelala. Wangengoja kuhesabu kila meli ndipo waseme, onyo lisingefika.

Kusema mapema kunataka ndege ambayo mdogo anasikilizwa. Chagua maneno machache, lakini usichague cheo cha kukusikia. Mimi nilimwita rubani afande tukiwa chini na angani, na heshima haikunizuia kumwambia kwamba tumeacha mstari mmoja bila kuupita. Ukipewa wahudumu ambao kijana akizungumza wanacheka kwenye intakomu, zungumza na rubani kiongozi mkiwa ardhini, ukiwa peke yako naye. Wengi husikiliza. Asiposikiliza, endelea kusema unachoona kwa sauti ileile. Baada ya muda watazoea sauti yako kama walivyozoea kelele za injini, na siku moja wataihitaji.

Ukiwa hujawahi kukaa kwenye safari ya utafutaji isiyopata kitu, ile ya ndege ya Malaysia ya Machi 2014 itakusaidia kuelewa. Ilipotea tarehe 8 ikiwa na watu 239. Orion za Australia, New Zealand, Japani na Korea Kusini, Poseidon za Marekani na ndege nyingine zilikusanyika magharibi mwa Australia zikatafuta juu ya maji hadi mwishoni mwa Aprili: ndege 29, safari 334, zaidi ya saa 3,000 angani. Hawakupata hata kipande kimoja kilichothibitishwa. Nina hakika kwamba kwenye madirisha yale walikaa vijana wenye macho mazuri kuliko yangu. Mwaka 2015 kipande cha bawa kikaokotwa Réunion, na Juni 2016 kingine, sehemu ya ubawa wa nyuma wa bawa la kulia, kikaokotwa kisiwani Pemba. Vilikuwa majini muda wote ule.

Niliposoma habari ya Pemba nilisimama nikaenda nje. Niliwaza yule mtazamaji aliyerudi kambini jioni baada ya saa kumi za kuruka, akajaza fomu yake, na kama aliandika sijaona, basi alikuwa amefanya kazi yake kikamilifu. Watu wa nje wataita safari kama hizo kushindwa. Wewe usiziite hivyo, na usiruhusu nyumbani kwako ziitwe hivyo. Mahali palipotazamwa kwa uaminifu pana thamani hata pakiwa patupu, kwa sababu anayekuja kesho anajua aanzie wapi.

Kuhusu mafundi nitasema kwa ufupi ingawa wanastahili makala nzima. Ndege inayoruka chini juu ya bahari hurudi imepakwa chumvi, na chumvi hula alumini kimyakimya, kwa hiyo huoshwa kwa maji matamu kila inapotua, halafu mtu hutambaa na tochi kwenye sehemu ambazo wewe hutazijua kamwe. Msalimie kwa jina lake. Ukihisi harufu ngeni, mtetemo, sauti iliyobadilika kidogo, iandike hata kama imeondoka yenyewe. Tarehe 2 Septemba 2006 Nimrod, ndege ya doria ya Uingereza, iliungua angani Afghanistan muda mfupi baada ya kuongezewa mafuta ikiruka, wakafa wote 14. Mwaka 2009 ripoti ya wakili Charles Haddon-Cave ilieleza kwamba hati za usalama za ndege ile ziliandaliwa na watu walioamini tangu mwanzo kwamba ndege iko salama, kwa kuwa imeruka miaka 30. Niliisoma ripoti hiyo polepole. Hatari ilikuwepo tangu zamani, pale mafuta yanapoweza kuvuja karibu na bomba la hewa ya moto, na makaratasi yalisema safi.

Mwili wako nao uandikie ukweli. Vaa vizibo vya masikio chini ya vipokea sauti, vyote viwili, tangu siku ya kwanza, hata wakubwa wakikuona mwoga. Mlio ulioko masikioni mwangu sasa hivi ninapoandika ulianza mwaka wa tatu, nami nilimwambia daktari kwamba sina tatizo. Kunywa maji zaidi ya kahawa. Ukipewa nafasi ya kulala kwenye vile vitanda vya nyuma, lala, usijifanye chuma. Na ukitua saa tisa usiku baada ya safari ndefu, usiendeshe gari mara moja, kaa kwanza na wenzako. Mazungumzo ya saa ile, watu wamevua mabuti wamekaa sakafuni, ndiyo ninayoyakumbuka kuliko nyambizi yoyote tuliyowahi kuifuata. Pale ndipo nilipomsimulia injinia wetu habari ya yule aliyepunga shati, mwaka mzima baada ya tukio. Hakunipa maneno ya kunifariji. Alisema, "Na mimi ninaye wangu," akanisimulia wa kwake mpaka kukapambazuka.

Andika pia daftari lako mwenyewe, lisilo na siri za kazi. Hali ya bahari, rangi ya mawingu, nani alikaa wapi, nani alisema nini akakuchekesha. Majina ya maeneo na ya mazoezi utayasahau na si hasara. Sauti za watu ukizisahau utazitafuta.

Safari yangu ya mwisho nilirudishwa dirishani, kwa ombi langu. Tulikuwa tunatafuta boti ndogo iliyopoteza mawasiliano, na alasiri ilikuwa kama ile nyingine, jua limeshuka, bahari bati la moto. Kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa dirisha la kulia na mimi la kushoto. Mwelekezaji akauliza. Nilisikia pumzi yake kwenye intakomu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kulia sijaona kitu, lakini jua liko usoni tangu tugeuke. Siwezi kulitetea eneo hili."

Mafuta hayakuturuhusu kurudia. Tulipotua alijaza fomu mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea: mstari wa nne, kulia, mng'ao dakika 12, urudiwe. Alfajiri ndege nyingine iliupita mstari ule na jua mgongoni. Hawakuona kitu, wakaandika hivyo. Saa tano asubuhi meli ya mizigo iliikuta boti ile maili 30 kaskazini, injini imekufa, watu wote wazima, kwenye eneo ambalo kituo cha uokoaji kilihamishia utafutaji baada ya kupokea fomu zote mbili.